Fidia ya Muflisi Ni ya Nani?

Kati ya mwaka 2011 na 2019 benki za Uingereza ziliandikia wateja wao wa zamani barua nyingi kupita kiasi. Mteja alielezwa kwamba mkopo aliochukua miaka kumi au kumi na mitano iliyopita uliambatanishwa na bima ambayo hakupaswa kuuziwa, kwamba benki inakiri kosa, na kwamba anastahili fidia ya kiasi fulani. Kwa aliyekuwa amemaliza deni lake, fedha ziliingia kwenye akaunti. Kwa aliyewahi kutangazwa muflisi, barua iliendelea hadi aya ya pili: fidia yako tumeikata kwenye deni ulilotuachia ulipofilisika, hivyo hakuna kitakachobaki mkononi mwako.

Nimeisoma sheria iliyo nyuma ya aya hiyo ya pili, pamoja na hukumu zilizoijenga, na naandika makala haya kwa sababu mbili. Kwanza, ni sheria yenye busara ndani yake, na wanaoilaumu aghalabu hawajui imewaokoa akina nani. Pili, kuna mahali pamoja ambapo inamnufaisha mkosaji, na mahali hapo panastahili kusemwa waziwazi, hasa na sisi ambao vitabu vyetu vya sheria vina kanuni ileile.

Tuanze na bima yenyewe. Iliitwa bima ya kulinda marejesho: ukiugua, ukipoteza kazi au ukipata ajali, bima ingekulipia mkopo. Wazo halina ubaya. Ubaya ulikuwa katika uuzaji. Bima iliuzwa kwa waliojiajiri ilhali masharti yake yaliwatenga, kwa wagonjwa ambao ugonjwa wao haukufidiwa, na kwa watu walioambiwa kwamba bila bima hakuna mkopo. Sera takriban milioni 64 ziliuzwa. Benki zilipinga mahakamani masharti mapya ya msimamizi wa sekta ya fedha, zikashindwa mwezi Aprili 2011, na tangu hapo zikaanza kulipa. Hadi madai ya mwisho yalipohesabiwa, baada ya dirisha kufungwa tarehe 29 Agosti 2019, zilikuwa zimelipa zaidi ya pauni bilioni 38.

Kesi ya Plevin, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2014, inaonyesha biashara hiyo kwa karibu. Mjane mmoja, mwalimu wa chuo, alikopa pauni 34,000 mwaka 2006 alipe kwa miaka kumi. Juu ya mkopo akawekewa bima ya pauni 5,780, iliyolipwa yote siku ya kwanza kwa fedha za mkopo uleule, kwa hiyo bima nayo ikazaa riba. Bima yenyewe ilidumu miaka mitano tu, nusu ya muda wa deni. Na katika hizo pauni 5,780, asilimia 71.8 ilikuwa kamisheni ya wauzaji. Mama huyo hakuambiwa. Mahakama iliona kwamba kumficha mteja jambo la namna hiyo kuliufanya uhusiano wake na mkopeshaji usiwe wa haki.

Sasa mchukue mtu aliyebebeshwa mzigo wa aina hiyo, akashindwa kulipa, akafilisika.

Sheria ya Ufilisi ya Uingereza ya mwaka 1986 inasema kwamba mtu akishatangazwa muflisi, mali yake inahamia kwa mfilisi ili igawiwe kwa wadai. Mali hapo inajumuisha nyumba, gari, na pia haki ya kudai: kama kuna mtu unayemdai fidia, dai hilo ni mali, nalo linahama. Haijalishi kwamba hukulijua. Bima iliuzwa mwaka 2003, ufilisi ukaja 2006, ukweli ukafichuka 2012; dai lilizaliwa siku bima ilipouzwa, kwa hiyo ni la mfilisi. Tangu Aprili 2004 muflisi wa huko kwa kawaida huachiliwa baada ya mwaka mmoja, na wengi hudhani kwamba kuachiliwa kunarudisha kila kitu. Kuachiliwa kunamtoa mtu kwenye madeni yake. Mali iliyokwisha kuhama hairudi, hata ikigunduliwa miaka kumi baadaye.

Hadi hapo sina ugomvi na sheria. Muflisi ameacha wadai nyuma: fundi bomba ambaye hajalipwa, mwenye nyumba, kampuni ya umeme, ndugu aliyemkopesha. Fedha zikipatikana baadaye, ni haki waanze wao. Na sheria inambakizia muflisi yaliyo yake binafsi kabisa. Katika hukumu ya mwaka 1999 kuhusu uzembe wa daktari, mahakama ya rufani ilisema fidia ya mapato yaliyopotea ni ya wadai, lakini fidia ya maumivu ya mwili ni ya muflisi mwenyewe, na mfilisi akiipokea ni lazima amtunzie.

Ugumu unaanza pale anayedaiwa fidia anapokuwa yeye mwenyewe ni mdai. Benki inapaswa kulipa fidia, na papo hapo benki ilimkopesha muflisi fedha ambazo hazikurudi. Hapo ndipo madeni yanapokatana.

Kukatana ni jambo linalofanyika Kariakoo kila siku. Mwenye duka la vitambaa anamdai fundi cherehani shilingi laki tano za vitambaa, fundi anamdai mwenye duka laki mbili za sare alizoshona. Hakuna anayetembea na bahasha mbili. Wanakatana, fundi anabaki na deni la laki tatu, maisha yanaendelea. Wakiwa wazima wote, kukatana ni kurahisisha tu. Mmoja akifilisika, kunakuwa suala la nani apate na nani akose.

Chukua hesabu ndogo. Muflisi ana deni la pauni 10,000 benki, na wadai wengine wanamdai jumla ya pauni 30,000. Hana mali yoyote isipokuwa fidia ya pauni 4,000 kutoka benki hiyohiyo. Kama hakuna kukatana, benki inamlipa mfilisi pauni 4,000, na fedha hizo zinagawiwa kwa deni lote la pauni 40,000. Kila mdai anapata peni 10 kwa kila pauni. Benki inaambulia pauni 1,000, wengine wanagawana 3,000. Madeni yakikatwa, benki inabaki na pauni zake 4,000 zote, deni lake linashuka hadi 6,000, na fundi bomba hapati hata peni. Gharama za ufilisi nimeziacha nje ya hesabu, lakini mwelekeo ni huo.

Na kukatana huku si hiari. Mwaka 1972, katika kesi kati ya benki ya National Westminster na kiwanda cha Halesowen, majaji wa Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, walisema kanuni ni ya lazima: hata pande mbili zikikubaliana kwamba hazitakatana, ufilisi ukiingia makubaliano hayo yanakufa. Mwaka 1995, katika kesi ya Stein na Blake, jaji Lord Hoffmann alieleza jinsi inavyofanya kazi. Siku ya ufilisi madeni yote mawili yanakoma kuwepo kama madeni mawili. Yanageuka kuwa salio moja, papo hapo, bila mtu kusaini chochote wala kuiomba mahakama. Hesabu ikija kupigwa miaka saba baadaye, inapigwa kana kwamba ilifanyika siku ile. Ndiyo maana benki inaweza kukata fidia ya mwaka 2014 kwenye deni la mwaka 2006 ambalo muflisi alishaachiliwa nalo: kisheria lilikatwa tangu 2006.

Sharti ni moja tu lenye uzito, kwamba madeni yawe kati ya watu walewale na kwa nafasi zilezile. Benki iliyokuwa imeuza deni lako kwa kampuni ya kukusanya madeni kabla hujafilisika haina tena cha kukata. Kuna pia kinga ndogo: deni ambalo benki iliingia na wewe huku ikijua kwamba maombi ya kukufilisi yako mahakamani haliingizwi kwenye hesabu.

Ukiishia hapa utaona kanuni hii ni zawadi kwa benki. Lakini siku benki inapofilisika yenyewe, meza inageuka.

Tarehe 5 Julai 1991 wasimamizi wa fedha wa nchi kadhaa waliifunga BCCI, benki iliyoanzishwa na Agha Hasan Abedi wa Pakistan na kuenea katika zaidi ya nchi 60, Afrika ikiwemo. Uchunguzi ulikuta udanganyifu wa miaka mingi. Wenye amana wakasimama nje ya milango iliyofungwa. Wengi wao walikuwa wafanyabiashara wa asili ya Asia ya Kusini, waliokuwa na amana ndani ya benki hiyo na mkopo kutoka benki hiyohiyo. Bila kukatana, wangelipa mikopo yao hadi senti ya mwisho kwa mfilisi, kisha wasubiri miaka kadhaa kurudishiwa sehemu ya amana zao. Kukatana kuliwapa waliostahili thamani kamili ya amana siku ileile.

Waliostahili walitenganishwa na wasiostahili kwa maneno machache kwenye fomu za benki, na hapa naomba msomaji atulie nami kidogo. Wakurugenzi wengi wa kampuni ndogo waliweka amana binafsi kuwa dhamana ya mikopo ya kampuni zao. Katika kesi ya MS Fashions ya mwaka 1993, fomu ilikuwa imemfanya mkurugenzi mwenyewe awe mdaiwa mkuu. Mahakama ikasema: basi yeye anadaiwa na benki, na benki inadaiwa na yeye, wakatane, deni la kampuni nalo likapungua. Miaka minne baadaye Baraza la Malodi likaamua kesi nyingine ya BCCI ambapo wenye amana walikuwa wameweka rehani amana zao bila kuahidi kulipa deni wao wenyewe. Hao hawakuwa wadaiwa wa benki. Hapakuwa na deni la upande wa pili la kukata. Mfilisi akaruhusiwa kuidai kampuni mkopo wote, na mwenye amana akaambiwa ajiunge na foleni ya wadai. Mtu aliyejifunga zaidi kwa kalamu alipona, na aliyekuwa mwangalifu akakataa kujifunga binafsi alipoteza. Hukumu hiyo ni sahihi kwa mantiki ya sheria, na bado kila nikiisoma inaniuma.

Halafu kulikuwa na wafanyakazi. BCCI ilikuwa imewakopesha watumishi wake fedha za nyumba. Ilipoanguka, mfilisi alidai mikopo irudishwe, na watumishi hawakuwa na kazi tena. Wao wakajibu kwa dai lao: tumetumikia benki iliyoendesha biashara yake kwa udanganyifu bila sisi kujua, sasa jina lake limetuganda na hakuna benki inayotaka kutuajiri, tulipwe fidia, na fidia hiyo ikatwe kwenye mikopo. Mwaka 1997 Baraza la Malodi lilikubali kwamba dai la namna hiyo linawezekana kisheria: mwajiri ana wajibu wa kutoendesha shughuli kwa namna inayovunja imani kati yake na wafanyakazi. Mwaka 2001 likaongeza kwamba hata waliosaini karatasi za kuachana na benki mwaka 1990, wakakubali kutodai kitu kingine, hawakufungwa na saini zao kwa dai ambalo wakati huo hakuna aliyeweza kulifikiria. Ulikuwa ushindi mkubwa kwa wafanyakazi wa kila mahali. Kwa wale wenyewe haukuzaa fedha kama walivyotumaini, kwa sababu katika kesi za mfano zilizosikilizwa walishindwa kuthibitisha kwamba walikosa kazi kwa sababu ya jina la BCCI na si kwa sababu nyingine. Lakini kanuni ya kukatana ndiyo iliyowapa mlango wa kuingilia. Bila hiyo wangekuwa wadaiwa tu.

Kwa hiyo sitetei kufutwa kwa kukatana. Aliyemwamini mwenzake kwa sababu mwenzake naye alimwamini hapaswi kulipa chote na kupokea kidogo. Majaji wa Uingereza wamelisema hilo tangu karne ya 19 na nakubaliana nao.

Ninachopinga ni kuihesabu fidia ya kosa kama deni la kawaida la biashara. Tuirudie bima ile. Fidia yake ina sehemu tofauti. Sehemu moja ni ada iliyopachikwa juu ya mkopo na ambayo muflisi hakuwahi kuilipa kwa sababu alifilisika kabla. Hiyo ilikuwa deni hewa, na kuifuta kwenye hesabu ya benki ni sawa kabisa. Sehemu ya pili ni fedha alizolipa kweli, mwezi baada ya mwezi, kutoka kwenye mshahara ambao ungeweza kulipia kodi ya nyumba. Sehemu ya tatu ni riba ya asilimia 8 kwa mwaka inayoongezwa kwa kuwa alikaa bila fedha zake. Mtu huyo alikaa bila fedha zake katika miaka ileile aliyokuwa anazama. Sehemu hizo mbili za mwisho zinapokatwa, benki inajilipa kwa kosa lake yenyewe, tena inajilipa kwa ukamilifu, mbele ya fundi bomba ambaye hakumkosea mtu.

Wapo watakaosema sheria haiwezi kutenganisha. Imeshatenganisha. Mkurugenzi anayechota mali ya kampuni, kampuni ikafilisika, akadaiwa arudishe, haruhusiwi kusema, "Nami naidai kampuni, tukatane." Katika kesi ya Manson na Smith ya mwaka 1997 mahakama ya rufani ilieleza kwamba kuchota mali hakuwezi kuitwa muamala kati ya pande mbili, kwa hiyo hakuingii kwenye kanuni. Arudishe chote, kisha dai lake lisubiri na la wengine. Najua tofauti iliyopo: bima iliuzwa kwa mkataba, na mahakama zimekubali tangu zamani kwamba hata ulaghai uliomvuta mtu kusaini mkataba unaweza kuingia kwenye hesabu. Hiyo ndiyo sababu ya kuliomba bunge badala ya jaji. Kifungu kimoja kingetosha: fidia inayolipwa kwa agizo la msimamizi wa sekta ya fedha, kwa kosa la mkopeshaji dhidi ya mkopaji, ilipwe taslimu kwa mfilisi, na mkopeshaji apate mgawo wake kama wadai wengine.

Hata ndani ya Uingereza sheria hazikubaliani kuhusu fidia inayochelewa kufichuka. Mwaka 2017 mahakama ya rufani ya England iliamua, katika kesi ya Green na Wright, kwamba mtu aliyemaliza makubaliano ya hiari na wadai wake bado anawashikia wadai hao fidia ya bima iliyokuja baadaye. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu, ikihukumu kwa sheria ya Scotland katika kesi ya Dooneen, ilisema mfilisi akishagawa mgao wa mwisho kazi yake imekwisha, na fidia iliyofichuka baadaye, zaidi ya pauni 50,000, ilikuwa ya mdaiwa mwenyewe. Anayeishi upande mmoja wa mpaka anapata, wa upande mwingine anakosa, kwa bima ileile.

Kwetu hali ikoje? Sheria ya Ufilisi ya Tanzania, Sura ya 25, ilitungwa enzi za utawala wa Waingereza na kuifuata sheria yao ya mwaka 1914, kukatana kwa lazima kukiwemo. Kenya ilitunga sheria mpya mwaka 2015. Watu binafsi wachache wanatangazwa muflisi kwenye mahakama zetu. Benki hukimbilia dhamana, nyumba inapigwa mnada, habari inaishia hapo. Lakini upande wa pili, wa benki yenyewe kuanguka, tunaufahamu vizuri. Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifunga benki tano kwa siku moja. Nairobi ilishuhudia Imperial Bank ikifungwa Oktoba 2015 na Chase Bank Aprili 2016. Kila aliyekuwa na akiba na mkopo katika benki ya namna hiyo alikuwa na sababu ya kuuliza swali la wateja wa BCCI, na jibu lake lilitegemea jina lililoandikwa kwenye akaunti na jina lililoandikwa kwenye mkopo. Mume aliyekopa na mke mwenye akiba ni watu wawili. Kampuni na mwenye kampuni ni watu wawili.

Na bima ya mkopo ipo kwetu pia. Mkopaji wa mshahara mara nyingi hukuta ada yake imeshakatwa siku fedha zinapoingia, pamoja na ada ya kushughulikia maombi. Sisemi kwamba inauzwa vibaya. Nasema mkopaji aombe nakala ya sera, asome inafidia nini na kwa muda gani, aulize nani anapata kamisheni, na aiweke karatasi hiyo mahali salama. Akija kufilisika, karatasi hiyo ni sehemu ya mali yake na mfilisi anapaswa kupewa. Kwetu kazi za mfilisi wa serikali ziko RITA, wakala ambao wengi wanaufahamu kwa vyeti vya kuzaliwa pekee.

Huko Uingereza jambo lenyewe linarudi. Tarehe 1 Agosti 2025 Mahakama ya Juu iliamua kesi tatu za mikopo ya magari, ambapo wauza magari walilipwa kamisheni na wakopeshaji. Madai mengi yalikataliwa, lakini mnunuzi mmoja alishinda kwa misingi ya kesi ya Plevin: kamisheni ilifikia asilimia 55 ya gharama yote ya mkopo wake, na hakuelezwa. Mwezi Oktoba mwaka huohuo msimamizi wa sekta ya fedha alitangaza mapendekezo ya mpango wa fidia kwa mikataba ya tangu Aprili 2007 hadi Novemba 2024. Miaka hiyo 17 ina ndani yake mdororo wa 2008, janga la korona na waliofilisika wengi. Safari hii wanaoandika kanuni za fidia wana nafasi ya kusema mapema, kabla ya barua kutumwa, ni sehemu gani ya fedha hizo mkopeshaji haruhusiwi kuigusa.